Madumu Mawili Kila Jumamosi

Watu wa skuli ile pale Tibirinzi walimdharau Bi Mwanamize kwa sababu alikuwa mfagiaji, basi. Mwanamke wa makamo na ufagio wake wa chelewa, anayekuja kutoka Vitongoji kila asubuhi, angejua nini kuhusu tangi la samaki lililoletwa na wazungu? Alijua kila kitu. Hilo ndilo linaloudhi mpaka leo.

Mradi uliolileta tangi ulikwisha ndani ya mwaka mmoja, wenyewe wakafunga mizigo wakaenda zao. Waliacha tangi la kioo lenye ukubwa wa kitanda, ndani yake samaki na matumbawe hai ya baharini, pampu inayonguruma mchana kutwa, na karatasi ya maelezo ukutani ambayo hakuna mwalimu hata mmoja aliyejisumbua kuisoma. Bi Mwanamize aliisoma. Mengine alijifunza kwa kukosea. Mwaka wa kwanza Ramadhani ilimzonga, akaacha wiki tatu bila kubadilisha maji. Matumbawe yakasinyaa, samaki mmoja akafa. Akataka kufidia, akabadilisha nusu ya tangi kwa siku moja, wakafa wawili. Tangu hapo hakuyumba tena. Madumu mawili yatoke, madumu mawili yaingie, kila Jumamosi, miaka sita. Maji aliyachota mwenyewe kule kwao, bahari ikiwa imejaa, mbali na mikoko, akayachuja kwa kitambaa safi, akapanda nayo pikapu la wauza samaki.

"Bi Mwanamize, wanao hawajaoga tu?" wanaume wa pikapu walimtania.

"Washaoga. Bado nyie."

Ndani ya tangi mlikuwa na tumbawe moja alilolipenda kuliko yote. Lilikuja likiwa kipande cha ukubwa wa kucha, kilichovunjwa na nanga ya watu wasiojali. Sasa lilikuwa na upana wa sahani, rangi yake ya kahawia inayoelekea kijani. Rangi ile ndiyo iliyokuwa uhai wake.

Mwalimu Mkuu Hamdan yeye aliona uchafu. Ilikuwa wiki ya kumpokea mgeni rasmi, na ninyi mnajua skuli zetu zinavyopata wazimu mgeni rasmi akitajwa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, madawati mabovu yakafichwa nyuma ya choo. Siku ya Alhamisi Hamdan akasimama mbele ya tangi, mikono nyuma.

"Bi Mwanamize, maji haya yana muda gani?"

"Mengine yana wiki, Mwalimu. Mengine yana miaka."

"Ndiyo maana yamekuwa hivi. Mgeni akija Jumamosi nataka ayakute mapya. Yote. Na hayo mawe yasuguliwe."

"Mie ntakwambia kweli, Mwalimu. Ukiyatoa yote kwa mara moja umewaua. Na hiyo rangi si taka, ndo ngozi yao."

"Haya, tutaangalia," alisema Hamdan, na Bi Mwanamize akaamini.

Jumamosi saa moja asubuhi alifika na madumu yake mawili, akayatua mlangoni, akasimama palepale. Kioo kiling'aa. Maji yalikuwa maangavu, hamna hata chembe. Matumbawe yote yalikuwa meupe pe, sawasawa na yale mawe ya njiani. Jana yake, baada ya sala ya Ijumaa, Hamdan na walimu wawili walikuwa wamelikausha tangi, wakasugua kila kitu kwa brashi na sabuni ya unga, wakajaza maji ya ufukweni. Samaki walikuwa kwenye beseni la kufulia. Watatu walielea ubavu. Wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, walikuwa bado wanatweta.

Hasira ilimpanda. Alitamani achukue mpini wa ufagio alivunje lile tangi vipande vipande. Badala yake aliwachota wale wawili kwa kikombe, akawatia kwenye dumu moja.

"Unawapeleka wapi?" Hamdan alimkimbilia. "Mgeni anafika saa nne!"

"Kamngoje."

Akarudi Vitongoji na pikapu lilelile. Akaingia baharini na nguo zake mpaka kifuani, akalifungua dumu. Samaki wakatoka mmoja mmoja. Alilia, na machozi yale yakamuudhi zaidi, maana Hamdan hakustahili hata tone.

Aliporudi skuli, kanga ikichuruzika maji, mgeni rasmi alikuwa mbele ya tangi na watu wamemzunguka.

"Mashaallah, meupe namna hii! Nani anayatunza?"

Hamdan hakuwa na pa kukimbilia. Akamwonyesha mwanamke aliyelowa pale mlangoni.

"Hongera, mama. Mnabadilisha maji kila baada ya muda gani?"

Miaka sita hakuna mtu katika skuli ile aliyewahi kumuuliza swali lile.

"Madumu mawili kila Jumamosi, Mheshimiwa. Kwa hayo madumu mawili wakaishi miaka sita. Jana Mwalimu kayatoa yote, kawasugua kwa sabuni, ili wewe uje uone peupe. Hayo unoyasifu ni maiti."

Hamdan alikohoa. Mgeni akalitazama tena tangi, safari hii kwa muda mrefu.

"Na samaki?" aliuliza polepole.

"Nshawarejesha kwao. Huko maji hubadilika mara mbili kwa siku, wala hapana anosugua mtu kwa sababu ya mgeni."

Akageuka kuondoka. Dumu la pili lilikuwa bado limejaa, palepale mlangoni alipolitua asubuhi. Akalibeba nalo. Hakuwa tena na pa kulimimina.