Mafuta ya Samaki kwenye Mlango wa Gereji

Mlango wa gereji yetu hapa Homa Bay ulipoanza kulia, mke wangu alisema tuite fundi. Mimi nikajitia fundi. Nilichukua mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki, nikayapaka kwenye reli za mlango, nikajisifu wiki nzima.

Vidudu vya ziwani vilikuja kwa wingi, vikanasa kwenye mafuta yale pamoja na vumbi. Jumapili moja, mama mkwe wangu akiwa amekuja kutoka Oyugis, mlango ulipanda hadi usawa wa magoti ukakwama. Gari la kumpeleka kanisani lilikuwa ndani. Nikalala kifudifudi nipenye chini yake, koti la suti likanasa. Miguu ikabaki nje, mbele ya mtu ambaye kwetu hata kula naye meza moja ni aibu.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "humu ndani mnakausha samaki?"

Kisha akaingia gerejini kupitia mlango wa jikoni, ambao mimi nilikuwa nimeusahau. Alikuwa ameendesha mashine ya kusaga unga kwa miaka mingi, nami sikuwahi kumwuliza lolote kuihusu. Alifuta reli kwa kitambaa na mafuta ya taa, akapaka grisi kwenye magurudumu, na mlango ukapanda taratibu, ukaniachilia.

"Uwe unafanya hivi kila mwezi," alisema. "Unyevu wa ziwa unakula chuma."

"Ndiyo, mama," nilijibu nikiwa bado chini.

Tulifika kanisani watu wakitoa sadaka.