Plagi Iliyongoja Mvua

Adano Waqo Kotile wa Gotu ndiye aliyewabebea watu maji kwa pikipiki mto ulipokauka. Baba yake, Waqo, alitembeza ng'ombe mia kutoka Sericho wakati wa kiangazi kikali na hakupoteza hata ndama. Babu yake, Kotile, alisoma mawingu, na watu walihama kwa neno lake. Kwao kila kitu kilihesabiwa kwa mvua: umri wa mtoto, mimba ya ngamia, hata ndoa. Adano naye, kwa kuwa mita ya kilomita ilikufa zamani, alibadilisha plagi inayowasha injini ya piki kila mvua ilipoanza. Njia hiyo ilimfaa miaka sita.

Halafu mvua ikakosa, mara mbili mfululizo.

Mchana mmoja nyoka bafe alimuuma Tache, binti ya Adano, mguuni alipokuwa akiokota kuni. Adano akampakia, mkewe Kabale akamshika kwa nyuma, wakakimbilia Isiolo. Kabla ya kufika lami piki ikakohoa, ikazima. Adano alipiga kiki mpaka kisigino kikachubuka. Wapi!

"Baba Tache, si ulisema utabadilisha plagi?"

"Nilisema mvua ikinyesha."

"Na ilinyesha lini? Nionyeshe tope!"

Adano akafungua plagi, vidole vikiungua. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, ncha imelika, na nyingine hakuwa nayo. Mguu wa mtoto ulikuwa umevimba hadi gotini, na alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikwangua masizi kwa ubavu wa kiberiti, akagonga ncha kwa jiwe ili nafasi ya kuruka cheche ipungue, huku akimwita Mungu kwa sauti. Piki ikashika. Ikafa. Akafungua tena, akakwangua tena. Ikashika, ikaenda kwa kukohoa mpaka mlango wa hospitali.

Tache alipona, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Fundi wa piki Muthomi, wa mtaa wa Bulla Pesa hapo Isiolo, aliiona plagi akacheka. Alipoambiwa habari ya mtoto, akaiweka chini.

"Mzee, plagi si ngamia, haingoji mvua. Kwa vumbi hili na petroli ya chupa, kilomita elfu tano, toa. Na ukiona inasumbua kuwaka asubuhi, usingoje hata hizo."

Siku Tache aliporudi nyumbani, Adano alimpa kamba ya ngozi.

"Kwenda Isiolo na kurudi ni kilomita mia; kila safari, funga fundo moja. Yakifika hamsini, ficha ufunguo mpaka nibadilishe plagi."

"Na ukinigombeza, Baba?"

"Nionyeshe huo mguu."