Geti la Kijani na Maneno ya Waliochanga

Mimi ni fundi wa madishi hapa Manyatta, na watu hunipandisha paa bure sana. Mtu haoni picha, kumbe hajalipia. Mwingine ameziba dishi kwa mgomba alioupanda mwenyewe, halafu ananiuliza mbona nilifanya kazi mbaya. Lakini Wambeti ndiye alinichosha. Aliniita, nikapanda, nikashika dishi, nikashuka. Lilikuwa sawa kabisa. Akaniita tena. Mara ya tatu nikakasirika, sitaficha.

"Mama Kithaka, dishi halina shida. Kituo ndicho kimeondoa kipindi. Hata nikipanda mlimani hakitaonekana."

"Najua, Njuki," akasema polepole. "Nilitaka tu Mama akuone uko juu ya paa. Ajue kipindi kinatafutwa."

Mama ni Ruguru, mama mkwe wake, ambaye sisi wengine tunamwita Cucu, yaani bibi, kwa sababu ya umri. Nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja, mkabala na ya Wambeti. Mume, Njeru, anafundisha shule moja Kianjai, kule Meru, na huja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na nguo chafu na hamu ya kulala. Watoto, Kithaka na wenzake, wamekua wakaenda. Kwa hivyo siku zote boma lile ni la wanawake wawili, na mmoja wao hajui kunyamaza na mwingine hajui kujibu.

Wambeti ana kitalu cha miche ya avokado kando ya barabara. Ni mtu ambaye mteja akimwambia mche umekonda, anaomba msamaha kwa niaba ya mche. Cucu naye, ukimpelekea chai, anauliza kama majani yaliisha dukani. Siku sita za wiki walisalimiana asubuhi, na yakaisha hapo. Siku ya saba ilikuwa ya Geti la Kijani.

Kilikuwa kipindi cha Jumapili jioni, kwa Kiembu, katika kituo kimoja cha hapa kwetu. Ndani ya boma lenye geti hilo aliishi mama mkwe mkali na mke wa mwanawe, Ciarunji, mwenye mdomo wa wembe. Mama mkwe akilalamika kwamba mboga haina chumvi, Ciarunji anamwambia aende zizini akalambe jiwe la chumvi la ng'ombe. Haiya! Nchi nzima hii ya kahawa ilimlaani yule mwanamke na hakuna aliyekosa kumtazama. Jumapili Cucu alivuka uwanja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na hao wawili wakacheka mpaka kuku wakashtuka. Kipindi kikiisha, Cucu hakuondoka mara moja. Alikunywa chai, akauliza habari za miche, akasema fulani amekufa na fulani amefanya vizuri kuuza shamba.

Halafu kituo kikasema matangazo ya biashara yamepungua, kikakikata kipindi katikati ya hadithi. Cucu akaacha kuvuka uwanja.

"Nilikuwa na mama mkwe siku moja kwa wiki," Wambeti aliniambia siku hiyo nikiwa bado nashika ngazi. "Sasa sina hata hiyo. Nataka arudi kukaa kwenye kile kiti, Njuki. Hiyo tu."

Nilimhurumia. Hasira ikaisha, na sikumlipisha.

Sasa, aliyekuwa akiandika kipindi hicho ni kijana mmoja wa Meru, jina lake Mutwiri, kijana wa miwani na maneno machache. Alipofukuzwa pamoja na Ciarunji wake, akatoa ombi mtandaoni: mashabiki wachange, atengeneze vipindi vipya yeye mwenyewe na kuviweka kwenye mtandao, bila kutegemea kituo. Mashabiki wakamtumia mikono ya kupiga makofi na mioyo myekundu. Pesa zikawa hazionekani.

Wambeti alinionyesha kwenye simu yake akitikisa kichwa. "Huyu mtoto hajui kuomba. Mtu wa hapa hatoi pesa kwa kubonyeza simu akiwa peke yake. Atasikiwa na nani?"

Na hapo alisema kweli. Huku kwetu mtu akitoa mchango husimama mbele za watu na kusema neno. Neno ni haki yake. Unatoa kwa ajili ya paa la kanisa, unasema neno kwamba paa liwe la buluu. Unatoa kwa ajili ya karo ya mtoto wa jirani, unasema neno kwamba asisahau alikotoka. Anayepokea hujibu, "Tumepokea mkono wako na neno lako," watu wanapiga makofi, na wewe unarudi kukaa ukijisikia mzito. Katika harambee zote za upande huu anayepokea ni Wambeti. Hakuna anayejua kupokea kama yeye. Hajawahi kumkatiza mtu, na sauti yake inamfanya hata mwenye shilingi hamsini aone amejenga hospitali.

Akaitisha harambee kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa. Watu wakajaa, mpaka wengine kutoka Ishiara, maana Angeline, aliyekuwa akiigiza Ciarunji, ni wa huko. Cucu hakwenda, miguu yake ni mibaya, lakini alinipa jogoo nimpeleke. Jogoo yule alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, mpaka nikadhani atakufa kwa kubebwa kichwa chini. Mutwiri alikaa kwenye kiti cha plastiki akitabasamu kama bwana harusi.

Kisha maneno yakaanza.

Akina mama wa kanisa walisimama na sare zao. Walitoa vizuri sana, na neno lao lilikuwa kwamba Ciarunji aokoke. Tumepokea mkono wenu na neno lenu, akasema Wambeti. Waendesha bodaboda wakatoa, wakasema kile kisa cha kwenye kipindi, cha mwenzao kuiba mbuzi, kiliwaharibia jina, kwa hivyo mbuzi arudishwe. Tumepokea. Wauzaji wa muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, wakataka isionekane tena kwamba kijana akitafuna anakuwa mjinga. Tumepokea. Muriithi, ambaye kila uchaguzi hutafuta kiti na kila uchaguzi kiti humkimbia, alitoa noti za elfu elfu na neno refu kuhusu barabara fulani aliyotaka itajwe, na mtu aliyeipigania atajwe pia. Mzee mmoja mwenye koti akatoa kidogo tu, lakini akasema ni aibu mwanamke kumjibu mama mkwe mbele ya watoto wetu, na hilo likome. Alipigiwa makofi kuliko wote. Mimi nilitoa mia mbili na nikafunga mdomo.

Nilimwona Mutwiri akiacha kutabasamu. Baadaye alimvuta Wambeti kando, nami nilikuwa karibu nikikunja nyaya za vipaza sauti.

"Mama, haya maneno yote nitayaweka wapi?"

"Weka tu hapa na pale. Ni watu wazuri."

"Ciarunji akiokoka hakuna kipindi."

"Lakini nimeshawaambia tumepokea," Wambeti akasema, na nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. Aliyajua hayo maneno kwa ajili ya paa na karo. Paa halimjibu mtu. Hakuwa amefikiria kwamba kuna kitu ambacho kikipokea neno la kila mtu kinakufa.

Kijana wa watu angefanya nini? Pesa zilikuwa zimetolewa hadharani. Angekataa neno la akina mama wa kanisa, wangemfuata mpaka Meru. Na Angeline mwenyewe, kumbe, alikuwa ameokoka kwelikweli tangu kipindi kikatwe, na akasema hatamtukana mzazi tena, hata kwa kuigiza. Mutwiri akaandika alichoweza.

Nitamaliza habari za mchango kwanza, maana watu huniuliza. Vipindi vilitoka vitatu. Wauzaji wa muguka walisema neno lao halikuonekana, wakataka kujua nani alilificha. Muriithi alisema barabara ilitajwa haraka mno. Mashabiki wa mbali, wale wa mioyo myekundu, ndio waliokasirika zaidi, na ndio ambao hawakuwa wametoa hata senti. Kila aliyechanga alijiona mwenye kipindi, na hakuna aliyekipenda. Mutwiri akarudi kwao, siku hizi anapiga picha za harusi. Hakula pesa ya mtu, hilo naweza kuapa. Zote zilionekana pale kwenye skrini, na ndiyo sababu kipindi kilikuwa kibaya vile.

Lakini mimi nilikuwa nataka kusimulia Jumapili ya kipindi cha kwanza.

Wambeti aliniita nije niunganishe simu na televisheni, kwa kuwa sasa kipindi kilikuwa cha mtandaoni. Nilikuta amepiga deki, amechemsha nduma, amepangusa kile kiti cha karibu na mlango mara nyingi mpaka kinang'aa. Alichungulia dirishani, akakaa, akachungulia tena. Halafu tukasikia fimbo. Cucu Ruguru alikuwa anavuka uwanja, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, analaumu kokoto.

"Karibu, Mama," Wambeti akasema, na machozi yakamlenga pale pale. Aligeuka haraka, akajifanya anatafuta vikombe.

Nikawasha. Geti likafunguka, lile lile la kijani, na wimbo ule ule. Ciarunji akatokea. Amefunga kitambaa cheupe, ana Biblia kwapani. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe na kumsalimu kwa mikono miwili. Kisha akina mama wa kanisa wetu, wale wale, wenyewe, wakaingia na sare wakaimba wimbo mzima na kiitikio chake. Kijana wa bodaboda akaleta mbuzi, akaomba radhi, akaeleza kwa kirefu kwamba waendesha bodaboda ni watu waaminifu. Nilitamani kuizima kwa aibu. Wambeti hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anamtazama Cucu.

Hatimaye wakakaa mezani, na mama mkwe wa kwenye kipindi akaonja akasema, "Mboga haina chumvi."

Sote watatu tukainama mbele. Hata mimi, ambaye nilikuwa nimeshajua. Ciarunji akatua kijiko.

"Nisamehe, Mama," akasema.

"Zima," akasema Cucu.

Nikazima.

"Mmemfanya nini huyo msichana?"

"Watu walichanga, Mama," Wambeti akaeleza. "Kila aliyetoa alikuwa na neno lake. Nikapokea yote."

"Na neno lako lilikuwa gani?"

Wambeti akachukua birika. "Sikuwa na neno. Mimi nilikuwa napokea tu."

"Hiyo ndiyo shida yako," Cucu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kwa ukali. "Tangu uolewe hapa unapokea tu. Wewe unafikiri nilikuwa nakuja kutazama televisheni? Na macho haya? Siwezi hata kumtofautisha yule na mbuzi. Nilikuwa nakuja kukusikiliza wewe. Yule msichana akimjibu mama mkwe wake, wakati mwingine unacheka kidogo, wakati mwingine unacheka sana. Nikisikia umecheka sana, najua hapo ndipo ninakuumiza. Wiki hiyo najaribu kuacha. Sasa huyu ameokoka. Nitajuaje?"

Ngai! Sikujua nitazame wapi. Nilikuwa nimemaliza kukunja waya wangu, nikaukunjua nikaanza kuukunja upya. Nilitaka kutoka, lakini kiti cha Cucu ndicho kilichoziba mlango.

Wambeti alikuwa amekaa na birika mkononi, hamimini. Nilidhani atasema pole, kama kawaida yake. Niliona hata midomo ikijipanga kusema pole. Akaiweka birika chini.

"Ukimpigia Njeru simu," akasema, "unasimama nyuma ya jiko langu, kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Mimi niko ndani. Nasikia kila kitu."

Cucu akamgeukia.

"Ulimwambia alioa gunia tupu."

"Nilisema gunia?"

"Gunia tupu, Mama. Siku ya Krismasi. Nilikuwa nakaanga chapati zako."

Mkono wa Cucu ukapapasa juu ya fimbo, ukatulia. Wambeti hakuomba msamaha, na hakuinamisha uso.

"Nilisema," Cucu akakubali.

Akasogeza kikombe chake kando, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Wambeti. Mlango ukawa wazi, nami nikaokota begi langu la vyuma.

"Na neno lingine?" akauliza.