Dishi la Kutazama Pande Mbili

Shangazi yangu alirudi nyumbani baada ya miaka zaidi ya arobaini, akiwa amekaa kando ya dereva wa lori tupu lililotoka Juba. Mimi na mume wangu tulimpokea Oraba, mpakani, katikati ya mawakala wa forodha na wabadilisha fedha. Alikuwa na begi moja na godoro la sponji lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Aliondoka Koboko angali msichana, wakati ule familia nyingi za kwetu zilipokimbia vita kwenda Sudan. Akaolewa Omdurman, akazaa huko, akafiwa na mume huko. Sasa vita vya Khartoum vilikuwa vimemng'oa mara ya pili. Baada ya salamu na machozi, alijipangusa uso kwa ncha ya tobe lake, shuka refu wanalojifunga wanawake wa Sudan, akaniuliza, "Mnayo televisheni?"

Tulikuwa nayo. Tulikuwa na kidishi cha kulipia kilichopigiliwa ukutani, chenye mpira, tamthilia na mahubiri. Siku ya pili Shangazi alikaa mbele ya televisheni kutwa nzima akibonyeza rimoti, stesheni moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha zote. Hakuna hata moja iliyotoka Sudan.

Binti yake pekee alikuwa amebaki kule. Alikuwa na watoto watatu na kibanda cha chai sokoni, na alikataa kuondoka akisema vita vitaisha kabla ya mwezi kuisha. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu Shangazi avuke kuingia Sudan Kusini. Kila baada ya sala Shangazi alipiga namba ile, akasikiliza, akaiweka simu kwenye mkeka.

"Ninachotaka ni habari tu," aliniambia kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani. "Kuna stesheni ya upande wa jeshi na kuna ile inayopendelea wale wanaopigana nalo. Nitafutie zote."

"Si moja inatosha, Shangazi?"

"Wote waongo. Nikisikiliza mwongo mmoja nitamwamini. Nikisikiliza wawili, nitajua mwenyewe ukweli umelala wapi."

Niliulizia. Stesheni zile zilikuwa kwenye satelaiti mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa karibu juu ya utosi wetu, ikielekea magharibi kidogo tu. Ya pili ilikuwa chini zaidi, nusu ya njia kutoka utosini hadi linapozama jua. Dishi lililofungwa mahali pamoja lisingeweza kuziona zote mbili. Tulihitaji dishi kubwa lenye mota, linaloweza kugeuka kutoka hii hadi ile.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na minane nimechora latitudo na longitudo ubaoni, na sikuwahi kuzitumia kwa kazi yoyote ya mikono. Siku ile nilijiambia kwamba jambo hili nitalifanya mwenyewe.

Dishi nililipata Arua, nyuma ya duka la vifaa vikuukuu. Lilikuwa la wavu wa chuma, pana kama meza ya watu wanane, lililong'olewa kwenye ua wa shirika lililofunga ofisi. Mkono wake wa mota ulikuwa umeshika kutu lakini ulisogea ulipopewa umeme. Fundi wa pale, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinitazama kwa huruma.

"Mama, dishi nitakuuzia. Lakini kuzunguka, hapana. Sisi iko kwa ikweta. Hii chuma ilitengenezwa ya watu ya Ulaya."

"Huko inazungukaje?"

Akanionyesha. Dishi la namna ile hugeuka kwenye mhimili mmoja wa chuma, na mhimili huo lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia yenyewe. Ulaya husimama kwa kuinama. Kwetu, karibu na ikweta, unatakiwa kulala karibu tambarare, kichwa kikielekea kaskazini na kuinuliwa kidogo tu. Tundu la kukazia bolti lilikuwa fupi mno. Mhimili ulilala mpaka kiasi, ukakwama.

"Unaona?" akasema. "Nimejaribu. Watu mingi imejaribu."

"Tundu likirefushwa?"

Akainua mabega. "Hiyo sasa ni maneno ya mchomeleaji."

Nikalipeleka kwa mchomeleaji wa barabara ya Vurra, Mkongo aliyekuwa akitengeneza mageti. Alilizunguka mara mbili, akacheka. "Mutu alikata hii hakufikiri sisi tuko duniani." Akalirefusha tundu lile, akachomelea kipande cha bamba nyuma yake ili chuma kisidhoofike. Mhimili ukalala. Jioni hiyohiyo dishi lilipakiwa juu ya lori la saruji, nami nikapanda mbele, nikafika Koboko mikono na nguo zimejaa kutu.

Mume wangu ni mwashi. Alipoliona dishi likishushwa aliuliza, "Mama watoto, hili litasimama juu ya nini?"

"Juu ya nguzo yako."

Hilo lilimwingia. Alichimba shimo la kufika kiunoni, akasimamisha bomba nene la chuma, akamimina zege, kisha akashinda na timazi lake akilipima upande huu na upande ule. Nilikuwa nimemwambia kwamba nguzo ikiinama kwa unene wa kucha, huko mbinguni tutakosea kwa makumi ya kilomita. Aliimwagilia zege wiki nzima kama mtu anayelea mche. Mpaka leo, ukiliweka timazi pale, uzi unalala juu ya bomba moja kwa moja.

Tulilipandisha dishi Jumamosi. Niliazima dira ya shule, nikasimama chini ya nguzo, nikaelekeza mhimili kaskazini. Nikaunyanyua nyuzi tatu na nusu, latitudo yetu, nikitumia pima maji ya mume wangu na kipande cha karatasi nilichochora nyuzi mwenyewe. Shangazi alikaa sebuleni mbele ya televisheni, dirisha wazi, kazi yake kunipigia kelele. Nilibonyeza kitufe cha mota. Mkono ukanguruma, dishi likainama taratibu kuelekea magharibi. Kipima mawimbi mkononi mwangu kikaanza kulia, kikalia zaidi.

"Simama!" Shangazi akapaza sauti. "Simama! Yupo!"

Niliingia ndani mbio. Mtangazaji mwenye kilemba cheupe alikuwa akisoma habari kwa Kiarabu cha Khartoum. Shangazi alikuwa amesimama, viganja vyake vyote viwili juu ya kioo cha televisheni.

Nilidhani kazi imebaki ndogo. Nilirudi nje nikaendelea kulishusha dishi kuelekea ile satelaiti ya pili. Kipima hakikutoa hata mlio mmoja. Nilipita pale mara kumi, polepole, kila mara nikiuliza dirishani, na kila mara sauti ikinijibu, "Hakuna."

Ikawa hivyo kwa zaidi ya wiki mbili. Nilitoka shuleni, nikavaa viatu vya shamba, nikapanda ngazi. Nilibadili nyaya. Nilisafisha kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, nikakigeuza, nikakirudisha. Nilinyanyua mhimili kidogo, nikaushusha kidogo, na kila nilipougusa, satelaiti ya kwanza ilipotea, Shangazi akalalamika, nikaanza upya. Majirani walipita wakisimama kwenye ua wa mihogo. Mmoja aliuliza kama mwalimu anapika chakula cha malaika kwenye sufuria ile. Nilicheka naye, lakini nilipogeuka nilikuwa nimeuma meno.

"Moja si haba," mume wangu aliniambia siku moja, akinishikia ngazi. "Shangazi anasikia habari. Pumzika."

Shangazi alimsikia kupitia dirishani. "Baba watoto," akasema, "huyu wa kilemba anasema kila siku kwamba mtaa wetu uko salama. Kila siku, kwa maneno yaleyale. Mtu mkweli hurudia hivyo?"

Sikupumzika.

Jibu lilinijia darasani, kidato cha pili, nikifundisha jinsi dunia inavyozunguka. Nilikuwa nimeshika mpira, kalamu imesimama wima juu yake, nikiuzungusha. Kalamu iliendelea kutazama dari. Nilizungusha tena. Dari ileile. Nikanyamaza katikati ya sentensi, na darasa zima likanitazama.

Dishi linapotazama utosini, unaweza kuugeuza mhimili wake upande wowote utakao, nalo litaendelea kutazama utosini. Satelaiti ya kwanza ilikuwa karibu na utosi. Kuipata hakukunithibitishia lolote kuhusu kaskazini yangu. Lakini kadiri dishi linavyoshuka kuelekea upeo wa macho, ndivyo kosa la kaskazini linavyolipeleka pembeni. Wiki zote zile nilikuwa nikihangaika na mwinuko, na mwinuko haukuwa na kosa.

Nilifika nyumbani nikachukua dira. Nikasimama chini ya nguzo, nikatazama sindano. Kisha nikatembea hatua kwa hatua hadi katikati ya shamba la mihogo, mbali na mabati ya nyumba, mbali na nguzo, mbali na dishi. Sindano ilihama mbele ya macho yangu. Chuma chetu wenyewe kilikuwa kikiidanganya.

Niliiweka dira mfukoni na sikuitumia tena. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, mume wangu alinipasulia kipande cha ubao, nikakisimamisha katikati ya ua kwa timazi. Nikaweka jiwe mahali ncha ya kivuli ilipofika. Kwa uzi uliofungwa kwenye ubao nikachora duara kupitia jiwe lile. Kisha tukangoja. Kivuli kilifupika, kikawa kifupi kama kidole, kikaanza kurefuka upande wa pili. Alasiri ncha yake ilipogusa duara tena, niliweka jiwe la pili. Mstari kati ya mawe mawili ulikuwa mashariki na magharibi. Ule wa kuukata kwa pembe mraba ulikuwa kaskazini na kusini, kaskazini ya kweli, na mwalimu wa jiografia aliipata kwa ubao na jua, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu alichokuwa akifundishia.

Tulivuta uzi wa ujenzi kutoka kwenye mstari ule hadi nguzoni. Mhimili wa dishi ulikuwa umekosea kwa upana wa kiganja. Mume wangu aliona, akapiga mluzi.

Nililegeza bolti, yeye akasukuma, nikakaza. Satelaiti ya kwanza haikutikisika hata kidogo. Nikabonyeza kitufe. Dishi likashuka magharibi, likinguruma, na kabla sijaanza kuomba, kipima kililia kwa nguvu hata mbuzi wa jirani wakainua vichwa.

Dirishani kulikuwa kimya.

"Shangazi? Kuna picha?"

Nilishuka nikaingia ndani.

Picha ilikuwepo, safi kabisa. Ilikuwa picha ya soko. Vibanda vilikuwa vyeusi, mabati yamejikunja, na mwandishi wa habari alikuwa akitembea juu ya majivu. Shangazi alilitambua kwa mnara wa maji uliosimama nyuma. Lilikuwa soko la mtaa wake, lile la kibanda cha chai cha binti yake.

Nilishika rimoti kuzima. Mkono wake ukanizuia.

Tulikaa pamoja mkekani mpaka habari ikaisha. Mume wangu alisimama mlangoni, kofia mkononi. Moyoni nilijilaumu. Nilikuwa nimepanda ngazi wiki tatu, nimechubuka mikono, ili nimwonyeshe mwanamke mzee moto uliokula mtaa wake. Hatimaye nilimwambia hivyo.

"Nisamehe, Shangazi. Ningekuachia yule mmoja."

Alinigeukia. Hakuwa akilia. "Ungeniachia kichwa changu? Kichwa changu kimelichoma soko lile mara mia moja, na kila mara mwanangu yumo ndani. Leo nimeona limeungua mara moja tu. Na nimeona vibanda vilikuwa vimefungwa. Umeona makufuli? Watu walifunga wakaondoka. Mtu anayekimbia moto hafungi kufuli."

Sikuwa nimeyaona makufuli. Yeye aliyaona.

Kuanzia siku hiyo alizitazama stesheni zote mbili, saa moja hii, saa moja ile, akiamuru dishi lihame. Alikuwa na daftari la watoto, na kwa Kiarabu aliandika majina ya miji ambako watu wa mtaa wake walisemekana kupelekwa. Stesheni moja ilipotaja mji na nyingine nayo ikautaja, aliuwekea alama. Mji mmoja wa mashariki ulipata alama nyingi kuliko yote. Akaanza kumpigia kila mtu aliyemjua mwenye ndugu huko, mtu baada ya mtu, akiuliza kuhusu mwanamke mwenye watoto watatu na kovu la maji ya moto kwenye mkono wa kushoto.

Ilichukua miezi. Mvua zilikuja, upepo ukalisogeza dishi, nikalirudisha.

Nilikuwa nasahihisha madaftari barazani siku simu ya Shangazi ilipolia kutoka kwa namba ngeni. Nilimsikia akiuliza "Nani?" mara tatu. Halafu nikasikia anagomba, anagomba kweli, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aje: kwa nini hukuondoka niliposema, watoto wamekula nini, huyo mdogo anakohoa nini, mweke karibu na simu nimsikie. Alimsikiliza mtoto akikohoa. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu, simu sikioni.

Wote wanne, binti yake na wale watoto watatu, walikuwa hai. Mkwe wake, baba wa watoto wale, hajulikani alipo mpaka leo, na jina lake hulitaja katika kila dua.

Sasa wako njiani kuja, kwa hatua ndefu za magari na kungoja, na njia ya Juba ni mbaya. Baba watoto ameanza chumba kingine upande wa nyuma. Matofali ya mstari wa kwanza ameyapanga tu, bado bila saruji. Jana Shangazi alitoka kukikagua, akalala chini kwenye mchanga, akanyoosha miguu, akamwambia akirefushe chumba kwa matofali mawili, kwa sababu mjukuu wake wa kwanza ni mrefu.