Siku Mashine Ilipozima Nyuma ya Mbudya

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumapili, niliona mkojo wa mashine umepungua. Ndivyo tulivyouita ule mchirizi wa maji unaoruka nyuma ya mashine ya boti kuonyesha kwamba maji ya kuipoza yanapita ndani. Siku zote ulikuwa mnene kama kidole. Sasa ulikuwa kama uzi.

Tulikuwa watatu: mimi, mwenye boti, na mama yake. Tajiri wangu, nilimwita hivyo ingawa enzi zile za ujamaa ilifaa kusema ndugu, alikuwa Mhindi wa Khoja mwenye duka la vyombo. Nyumba zake mbili za kupangisha zilikuwa zimetaifishwa, na boti hii ya futi kumi na sita ndiyo starehe iliyombakia. Mama yake alizaliwa Lindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko changu mimi niliyetoka Songea. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na kila safari nililifikiria mpaka tuliporudi.

Kazi yangu ilikuwa kuitunza boti pale Kunduchi. Shule niliishia darasa la nne. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kiingereza kilichokuja na mashine, nikikifasiri mstari kwa mstari kwa msaada wa kamusi. Kitabu kilisema kila baada ya safari mashine iendeshwe dakika kumi ndani ya maji yasiyo na chumvi, ili kuosha chumvi ya bahari. Mimi niliiendesha dakika kumi na tano ndani ya pipa, nikitazama saa. Vipuri havikupatikana, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Bomba letu lilikuwa likikauka hata wiki nzima, kwa hiyo siku zote nilichota maji kwenye kisima cha nyumba niliyopanga.

Asubuhi ile tuliondoka bila haraka. Bibi, mama yake tajiri, alikuwa amefunga chapati na chupa ya chai, akaomba tuzunguke kisiwa cha Mbudya kwa upande wa nje, apate kuiona bahari wazi. Huko ndiko mkojo ulikopungua, kisha ukakatika. Nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Nilizima mashine kabla haijanoki na kukwama kabisa.

Tajiri aliuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba imepata moto kidogo, itapoa. Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida. Lakini upepo ulikuwa unatoka baharini, ukitusukuma kwenye mwamba wa kisiwa, na mawimbi yalikuwa yakipasuka juu yake. Nilikadiria mita mia tatu.

Nilitupa nanga. Kamba iliisha kabla nanga haijafika chini. Tajiri akafungua kamba za turubai ili niziunge, na vidole vyangu vikashindwa kufunga fundo nililokuwa nikilifunga kila wiki. Nililirudia mara tatu. Kila nilipoinua macho povu lilikuwa karibu zaidi. Bibi alikuwa akiomba dua kwa sauti ya chini, akimtaja Imamu Ali, akakatiza akaniambia:

"Fundi, wewe funga. Usitazame huko. Huko nitatazama mimi."

Nanga ilishika wakati tayari nayaona mawe ya chini, na boti ikageuza uso kuelekea upepo.

Ilibidi tungoje mashine ipoe. Jua lilikuwa kali, chai ikaisha. Bibi akaomba maji, nami nikamchotea kikombe kutoka kwenye debe nililobeba kwa ajili ya kuoshea vyombo vya boti. Alionja, akatema.

"Haya umeyachota hapa?"

"Hapana, bibi. Ni ya kisimani kwetu. Ndiyo ninayooshea mashine."

"Na kunywa?"

"Nayanywa kila siku, bibi."

"Basi na tumbo lako litafutiwe fundi. Haya yana chumvi, mwanangu."

Nilionja mwenyewe, sikusikia kitu. Kisima chetu kilikuwa hatua chache tu kutoka mashamba ya chumvi, na nilikuwa nimeyapikia na kuyanywa maji yale miaka mitatu. Ulimi ulikuwa umezoea. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilipokuwa nikifunga kamba. Nilielewa kwamba kwa kila dakika kumi na tano zangu nilikuwa nikiongeza chumvi ndani ya njia za maji, na kwamba mashine hii isingepoa sawasawa tena. Nilimweleza tajiri vilevile, bila kupunguza.

"Itatufikisha?" aliuliza.

"Tukiiwasha dakika tatu na kuizima kumi, labda. Lakini itakufa."

Alimtazama mama yake, kisha mwamba.

"Iue," alisema.

Kung'oa nanga ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, maana ndiyo pekee iliyokuwa ikituzuia. Mashine iliwaka kwa mvuto wa nne wa kamba yake. Tulikwenda dakika tatu, tukazima, tukashusha nanga, na kila mara sikujua kama itashika. Tulifanya hivyo mara tano mpaka tukapita ncha ya kisiwa, palipo na maji matulivu, kisha mara nyingine sita kuelekea Kunduchi. Katika mara ya mwisho kitu kilisaga ndani kama jiwe, mashine ikasimama. Nilishuka, maji yakanifika kifuani. Nilivuta boti mpaka kwenye maji ya magoti, nikambeba bibi mgongoni. Nilikwenda polepole mno, hata akaniuliza kama chapati zake zimenizidi.

Wiki iliyofuata nilifungua mashine mbele ya tajiri. Njia za maji zilikuwa zimejaa ukoko mweupe, mgumu, na pistoni zilikuwa zimegandamana na silinda. Nilitaka kuacha kazi. Alikataa, akaniagiza nijue kwanza nini kinauzika. Mashine aliinunua kwa shilingi elfu mbili na mia nne. Vipande vilivyobaki vizima viliuzwa mia tatu na kumi. Hasara ilikuwa shilingi elfu mbili na tisini, na mimi nikabaki kazini.