Mbaazi za Bibi Zilizokosa Usiku

Mbaazi zile zilitoka kwa bibi, mama yake mama, shambani kwake Kasulu. Alipofariki, mama alirudi na kopo la mbegu. Nyingi zikabunguliwa. Zilizopona akazipanda zote uani kwetu Bangwe, kando ya uzio, hata ya akiba hakubakiza. "Zikizaa tutakuwa nazo tena," alisema.

Siku hizo nyavu za jirani ziliibwa. Baba, ambaye ni mvuvi wa dagaa, akachukua taa yake moja ya mtumbwini akaifunga juu ya nguzo, imulike nyavu zetu pale uani usiku kucha. Mimi niliifurahia ile taa. Wageni wakija, nilipata sababu ya kwenda kujisomea nje.

Mbaazi zikarefuka zikapita uzio, majani tele. Mti mmoja tu, ulioota kwa mbegu iliyodondoka nyuma ya jiko ambako ukuta unakinga mwanga, ndio uliotoa maua ukazaa. Mama akazichuma mbichi, akaziunga kwa mawese. Tulikula tukafuta sufuria.

"Na mbegu je?" kaka akauliza.

"We kula. Pale kwenye uzio zinakuja nyingi."

Hazikuja. Shoga yake mama alipita akaitazama ile miti, akasema, "Dada, haya madume haya. Yanakula mbolea bure." Mama akavumilia kidogo, kisha akaikata yote, ikawa kuni. Ule wa nyuma ya jiko mbuzi walishaumaliza.

Ndipo shuleni, kwenye baiolojia, tukafika mada ya mimea na mwanga. Mwalimu alisema ndani ya majani kuna protini zinazohisi mwanga, na kuna mimea inayozitumia kupima urefu wa usiku. Taa ikiwaka usiku, mmea unaona bado mchana, hautoi maua.

"Kwa hiyo, madam, mmea unakesha kama mlinzi," akasema mmoja wa nyuma.

"Mlinzi wa kwenu wewe analala."

Darasa zima likacheka. Nilitaka kuuliza kuhusu mbaazi, mkono ukagoma kunyanyuka. Nikamvizia mwalimu mlangoni.

"Mbaazi? Hizo za kienyeji ndizo hasa," akanijibu.

Nilimkuta mama anageuza dagaa juani, baba kakaa pembeni anashona wavu.

"Mama, yale hayakuwa madume. Ni taa." Nikamweleza kama nilivyofundishwa, nikijikwaa maneno.

"Na ule wa nyuma ya jiko?" akauliza.

"Ule ulikuwa gizani."

Akaendelea kugeuza dagaa ambao alishawageuza. "Kwa hiyo mbegu za mama ndizo zile tulizokula."

"Ndiyo."

Nilijuta kumwambia. Angebaki anaamini ni madume, asingekuwa na cha kujilaumu.

Baba akaweka wavu chini, akasema ataishusha ile taa leo leo.

"Iache," mama akamwambia. "Nyavu bado zipo."