Felismina na Wanaume Wanane wa Jumamosi

Vichochoro vya Alfama, pale Lisbon, vimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye wa kwanza kumwombea afya. Humo hakuna asiyemjua Dona Felismina. Ni mjane wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mwenye mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Siku za kazi hupiga pasi mashuka ya hoteli. Jumamosi mchana huwatembeza wageni, wale wanaoshuka na ndege Ijumaa na kupanda tena Jumapili, na jioni ikiingia huimba fado, zile nyimbo za majonzi za Kireno, katika baa ndogo ya shemeji yake Abílio, mdogo wa marehemu mumewe.

Fado ya pale haitaki maikrofoni. Taa hupunguzwa, mwenye baa huweka sinia chini, watu hunyamaza, ndipo gitaa huanza. Mtu akiongea, mwimbaji ana haki ya kuukata wimbo na kwenda zake kukaa, wala hakuna wa kumlaumu. Tangu Pasaka Felismina alikuwa ameshaukata mara tatu.

Abílio akachoka. Alhamisi moja alimwita shemeji yake akamwonyesha spika mbili nyeusi, kila moja kimo cha pipa. Akamweleza kuwa wageni wa siku hizi midomo yao haina kifuniko, na kwamba amempata kijana wa kinanda anayeweza kuimba hata watu wakitwangana makonde. Kuanzia wiki ijayo Jumamosi zingekuwa za huyo kijana.

Felismina alizitazama zile spika kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Shemeji, sikiliza," alisema. "Jumamosi hii wageni wangu wakiongea nikiimba, hizi spika nitazipandisha ukutani kwa mikono yangu. Wasipoongea, unazirudisha ulikozitoa, na habari ya kinanda isinifikie tena."

Abílio alicheka mpaka akashika kaunta. "Wageni wako wa Jumamosi hii unawajua lakini?"

Hakuwajua. Walikuwa wanaume wanane kutoka Uingereza, waliokuja kumsindikiza mmoja wao anayeaga ukapera.

Aliwakuta saa tano asubuhi mbele ya kanisa kuu, macho mekundu, maana Ijumaa usiku walikuwa wamezipitia baa za mlimani moja baada ya nyingine. Bwana harusi, kijana mwembamba aitwaye Colin, walikuwa wamemvalisha shela. Aliyewaongoza ni Duncan, dereva wa lori, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuita kivuko kilichokwisha kung'oa nanga. Wote wanane walikuwa wakiongea kwa wakati mmoja, na kila mmoja alijibu swali ambalo hakuulizwa.

Mtu mwingine angepiga makofi au angepaza sauti. Felismina hakulelewa hivyo. Mama yake alikuwa akiuza samaki mtaa kwa mtaa, kapu kichwani, na wenzake wote walinadi kwa kupiga mayowe. Mwaka mmoja maradhi ya koo yakamla sauti, ikabaki ya kunong'ona tu. Watu wakasema yule biashara imemfia. Ikawa kinyume. Mnunuzi alilazimika kuinama ili amsikie, na aliyekwisha kuinama juu ya kapu la samaki ni aibu kuinuka mikono mitupu. Felismina alikua akiliona jambo hilo kila siku, akaliweka moyoni.

Basi pale kanisani aliwasimulia habari za mtaa kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida. Walimsikia nusu tu, naye hakurudia. Walipofika juu, mahali pa kuutazama mto Tejo na mapaa mekundu, akaipunguza sauti kidogo, akaanza kisa cha mwanamke aliyekuwa na waume wawili mabaharia, kila mmoja akidhani mwenzake ni shangazi anayekuja kulala. Hadithi ilipofika penye utamu, sauti ikashuka zaidi. Duncan akasogea. Colin akaliinua shela sikioni. Mmoja wa nyuma aliuliza amesema nini, wenzake wakamgeukia kwa macho ya kumuua.

Aliwapitisha kwenye ngazi zile nyembamba, kwenye jumba la kufulia nguo, kwa bibi anayeuza pombe ya matunda ya cheri mlangoni pake, na kila kituo akaipunguza sauti tena. Kufika saa kumi walikuwa wakitembea kwa kunyata, wakinong'onezana wao kwa wao kama watu waliomo katika nyumba yenye kichanga. Mama mmoja dirishani alimuuliza jirani yake kama wale wanatoka mazishini. Jirani akamwambia, "Mazishi gani, na yule mwenye shela?"

Jioni walikula dagaa wakubwa wa kuchoma na supu ya sukuma wiki na viazi, wakanywa mvinyo. Saa tatu Abílio akapunguza taa, akiwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda. Mzee Zeferino, mpigaji wa pale, akaligusa gitaa. Felismina akajifunga shali nyeusi, akafumba macho, akaanza kuimba habari ya shati linalofuliwa kila wiki wala halina wa kulivaa.

Wanaume wanane hawakukohoa. Ubeti wa kwanza ukapita. Katika ubeti wa pili, sauti ya mtu ikasikika, kavu, ya kujadiliana. Felismina akafumbua macho.

Alikuwa Abílio. Watu wanne walikuwa wamefika mlangoni wakitaka meza, naye alikuwa akiwahesabia viti kana kwamba yuko sokoni.

Hapo angeweza kuukata wimbo. Hakuukata, aliishusha sauti. Duncan akainuka. Akamwekea Abílio kidole mdomoni, mdomo wa Abílio mwenyewe, na Abílio alipojaribu kuonyesha kwa mikono kuwa baa ni yake, yule dereva alimshika mabega kwa upole, kama mtu anayehamisha kabati lenye vyombo, akamtoa nje, akaurudisha mlango taratibu usilie.

Wimbo ukaisha. Makofi yalipopungua mlango ukafunguliwa, na Abílio akaingia na wale wanne nyuma yake. Sikio lake moja lilikuwa jekundu kwa kulibana kwenye mbao za mlango akisikiliza.

"Shemeji," Felismina alimuuliza, "nani ameongea?"

"Mimi si mgeni."

"Ndiyo. Mgeni ana adabu."

Baa nzima ikacheka. Mzee Zeferino ilibidi aliweke gitaa chini. Abílio alijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia glasi.

"Spika zitarudi Jumatatu," alisema. "Imba tena. Hawa wanne wamekubali kusimama."

Felismina alisema ataimba, ila hilo friji la bia linavuma, na limekuwa likivuma tangu mumewe yu hai.

Ndani ya friji ilikuwemo bia ya wanaume wanane. Abílio akamtazama Duncan. Duncan akalitazama friji, akavuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Abílio akainama nyuma ya kaunta, akachomoa waya.